Bonde Waliloambiwa Halina Mwenyewe

Mgambo wawili walipomkamata Bi Gae, walimkuta amezama hadi magotini katika udongo wa bondeni, gauni amelifunga kiunoni, jembe mkononi.

"Bibi, toka humo. Unaiba."

Bi Gae aligeuka kutazama nyuma yake, akidhani wanasema na mtu mwingine. Hakukuwa na mtu.

"Naiba nini?"

"Udongo."

Akacheka kicheko kilichowafanya wale vijana watazamane. "Udongo! Basi ngojeni kidogo. Nikimaliza hapa nitaiba na upepo, mnifungulie kesi mbili kwa safari moja."

Hawakucheka. Walichukua jembe, wakachukua kikapu, wakamtanguliza kama mbuzi aliyekula mahindi ya watu. Walimpitisha barabara kuu mchana kweupe, matope yakimkaukia miguuni, watu wakitoka madukani kutazama. Mama wa miaka sabini na ushei! Fundi cherehani mmoja, mteja wake wa vyungu wa siku nyingi, aliacha kushona akauliza, "Bi Gae, kuna nini?"

"Nimeambiwa mimi mwizi," akajibu bila kusimama. "Muulize mwenye mali yuko wapi, maana mimi tangu nizaliwe sijamwona."

Gae halikuwa jina alilopewa na wazazi. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae, na kwake methali hiyo haikuwa mfano. Kila chungu kilichotoka motoni kizima kilikwenda sokoni, na vilivyopasuka ndivyo vilivyobaki kuwa vyombo vya nyumba. Mgeni alipewa maji katika kikombe kilichomeguka mdomo, akaambiwa anywee upande wa pili. Watu walimtania, naye hakukosa jibu: "Nikilia kwenye kizima nitawauzia nini, vidole?"

Alizaliwa katika ukoo wa wafinyanzi, na bibi yake mzaa mama ndiye aliyekuwa mgawaji wa bonde. Maana bonde lilikuwa na utaratibu wake. Hilo ndilo jambo Bi Gae alilolirudia maisha yake yote mpaka wengine wakawa wanamkimbia. Mvua zikiisha na maji yakishuka, bibi yule alitangulia na fimbo, akabonyeza udongo hapa na pale, akaweka kidogo ulimini, kisha akaonyesha: nyumba ile ichimbe huku, nyumba hii kule, na pale penye udongo mweusi mwaka huu pasiguswe, papumzike. Ukichimba, unafukia. Usipofukia, msimu unaofuata unakaa nyumbani kutazama wenzako wakipita na vikapu. Hakuna aliyeuza wala aliyenunua. Na hakuna aliyeweza kusimama akasema "bonde langu" watu wasimcheke.

Tusidanganyane, bibi huyo hakuwa malaika. Binti zake walichimba pazuri mara nyingi kuliko wengine, na aliyekosana naye alijikuta anaambulia mchanga. Maneno yalisemwa. Lakini yalisemwa mbele yake, palepale bondeni, na kuna mwaka wanawake walimgomea wote kwa pamoja mpaka akabadilisha mgawo. Aliyekuonea ulimjua, na anakolala ulikujua.

Bi Gae alikuwa msichana tu, ndiyo kwanza anajifunza kufinyanga vyungu vidogo, mzungu wa serikali alipofika bondeni. Alikuja na chombo chenye miguu mitatu na kioo cha kuchungulia, na mkalimani aliyevaa kofia iliyomzidi kichwa. Waliitwa wanaume. Wanaume ambao tangu waanze kutembea hawajafinyanga hata kikombe walipangwa mstari waulizwe habari za udongo. Bibi yake alikuwa amesimama karibu, ana matope mpaka viwikoni. Hakuna aliyemtupia hata jicho.

"Anauliza, bonde hili ni la nani?" mkalimani akasema.

Mkubwa wa wale wanaume akajibu kama mtu yeyote mwenye akili zake angejibu: "Bonde si la mtu."

Alitaka kusema kwamba si la mtu mmoja. Mkalimani akageuza, mzungu akaandika, na kilichoandikwa ni kwamba bonde halina mwenyewe. Na kisicho na mwenyewe, kwa sheria waliyokuja nayo melini, kilikuwa cha mfalme wao, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga pale wala kuhitaji chungu. Vikapandwa vigingi vya saruji vyenye namba. Kabla ya mvua nyingine bonde likapewa mlowezi mmoja alishie ng'ombe wake wa maziwa.

Msimu ulipofika bibi aliteremka na fimbo yake kama kawaida. Msimamizi wa shamba alimwambia arudi. Bibi akamwuliza yeye ni mtoto wa nani, hata amzuie. Jibu lilikuwa kiboko, mgongoni, mbele ya binti zake na wajukuu. Hakufa kwa kipigo kile, ila hakuteremka tena. Aliishi miaka mingine kadhaa akikaa mlangoni, na kila mvua zilipokatika aliuliza, "Maji yameshashuka?"

Wanawake wakabaki na njia mbili. Aliyetaka kuchimba kwa halali alimkatia mlowezi majani ya ng'ombe mpaka msimamizi aridhike, ndipo akaruhusiwa kikapu kimoja. Waliobaki walichimba Jumapili, mlowezi akiwa kanisani anaomba asamehewe dhambi zake. Bi Gae alikua hivyo, akijifunza kufinyanga udongo wa kunyatia. Mama yake alimfundisha mapema: mwili uelekee mtoni na sikio lielekee barabarani.

Halafu uhuru ukaja. Wakati huo Bi Gae alikuwa mama mwenye watoto. Kwenye mkutano wa uwanjani, mheshimiwa mmoja aliyevaa suti mpya alipaza sauti mpaka kipaza sauti kikapiga kelele: "Ardhi imerudi kwa wenyewe!" Bi Gae alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Alilia pia, na hakuwa mtu wa kulia hadharani.

Asubuhi yake wanawake waliteremka bondeni na majembe, vicheko tele. Mlowezi alikuwa ameshauza ng'ombe na kuondoka. Vigingi vilikuwepo vilevile, na namba zake. Penye njia lilikuwepo bango lilelile la mlowezi, ila maandishi yalikuwa mapya: *Mali ya Serikali. Usiingie.* Rangi haikuwa imekauka. Mwenzao mmoja aliyeliegemea aliondoka na neno "Usiingie" begani.

"Alaa!" alisema Bi Gae. "Kumbe wamefukuza mwizi wakabaki na vya wizi!"

Alikwenda ofisini kuuliza. Karani alimweleza kwa upole kabisa kwamba sheria za ardhi ni zilezile, kilichobadilika ni serikali. Baadaye Bi Gae alikuwa akisema kwamba siku ile ndiyo alijua hasira ya kweli, kwa sababu dhuluma ya mlowezi aliitegemea, lakini hii ilimjia kutoka kwa mtu anayemwita mama.

Hata hivyo, serikali ilikuwa na mambo mengi, na bonde likasahaulika. Wanawake wakarudi kuchimba bila kunyatia. Bila uchaguzi wala sherehe, Bi Gae akawa mgawaji. Katika miaka hiyo kaka yake alifariki akaacha mtoto wa kiume, na Bi Gae akamchukua. Alimsomesha kwa vyungu. Sare, madaftari, nauli, vyote vilitoka bondeni vikapitia mikononi mwake. Kijana alikuwa na kichwa chepesi na adabu nzuri, na alipoajiriwa katika ofisi ya ardhi, shangazi yake aliwatangazia watu wa sokoni mpaka wakaanza kumkwepa. Watu wakamwita kijana Bwana Ardhi.

Akapanda cheo, akafunga tai, akaoa. Na mwaka mmoja serikali ikakumbuka kwamba ina bonde. Ikalikodisha kwa miaka tisini na tisa kwa tajiri mmoja wa matofali. Tajiri akaleta waya wa kuzungushia na mashine ya kuchimba, na wafinyanzi wakatangaziwa kwamba atakayeingia ni mvamizi. Wengine walitii. Bi Gae alisubiri mvua ziishe, akachukua jembe lake. Ndivyo alivyofikishwa kituoni na matope yake.

Bwana Ardhi alikuja mbio kumtoa. Aliongea na mkuu wa zamu, akaweka saini, akatoka amemshika shangazi yake mkono.

"Twende nikupeleke nyumbani ukapumzike, shangazi."

"Nyumbani nakujua. Nipeleke ofisini kwako."

Ofisini alikaa kwenye kiti cha wageni na udongo wake wote, akaona jinsi kijana anavyokitazama kile kiti, akakaa vizuri zaidi.

"Nani aliyesaini?" akauliza.

Bwana Ardhi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mkubwa ndiye aliyesaini. Mimi niliandaa."

"Uliandaa."

"Shangazi, ningekataa mimi angeandaa mwingine. Ni kazi. Na kisheria pale pako wazi. Tangu upimaji wa kwanza imeandikwa kwamba hapana mwenyewe. Serikali iliyofuata ikarithi. Mimi sikuzua kitu."

"Nilikuwepo!" Bi Gae akapiga meza, kikombe cha kalamu kikaanguka. "Nilikuwepo walipoandika. Bibi yangu alikuwa amesimama pale kama mti, hawakumwuliza. Wewe umesomea chumba kizima cha vitabu, ukakuta uongo wa yule mzungu, ukaupiga pasi ukauvaa!"

"Na zamani kulikuwa na haki?" kijana naye akapandisha sauti. Alikuwa damu yake, hakuwa bubu. "Wewe mwenyewe umenisimulia. Aliyekosana na bibi alipewa mchanga. Alimlalamikia nani? Leo angalau kuna ofisi, kuna baraza, kuna rufaa."

"Alimlalamikia bibi! Usoni! Na bibi akashindwa! Wewe mimi nimlalamikie nani? Kigingi?"

Karani aliyekuwa akipita alijifanya amesahau kitu, akarudi alikotoka.

Bwana Ardhi aliinamisha kichwa. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya yule mtoto aliyekuwa akilala jikoni karibu na tanuri. "Kuna njia moja. Kipande cha juu, penye udongo mweusi, naweza kuomba kiondolewe kwenye mkataba wa tajiri. Kipimwe, kipatiwe hati. Kwa jina lako. Hakuna atakayekugusa tena mpaka unakufa, na ukifa ni cha watoto wako. Nitahangaika mwenyewe."

Bi Gae hakutegemea hilo. Alimwuliza taratibu, "Na wenzangu?"

"Hati inataka mwenyewe, shangazi. Mwenyewe ni mtu. Nikianza kuandika wanawake arobaini, faili halitoki mezani."

Alirudi nyumbani na jambo hilo kichwani. Binti yake mkubwa, mfinyanzi pia, alipolisikia alishika kichwa.

"Mama, chukua! Ukishakuwa nacho, utawaruhusu wewe mwenyewe waje kuchimba. Tatizo liko wapi?"

"Nitawaruhusu," alisema Bi Gae. "Na wewe utakapokuwa nacho?"

"Nami nitawaruhusu."

"Na mtoto wako? Na mke wa mtoto wako siku ameamka vibaya?"

Bi Gae hakulala vizuri siku zile. Wala asidhani mtu kwamba hakutamani. Alitamani. Alikuwa mzee, magoti yanamuuma, na mara moja maishani mwake mtu mwenye muhuri alikuwa anamwambia chukua. Alijiona akichimba udongo mweusi mchana, nyuma ya waya wake mwenyewe. Ndipo akawaona na wenzake, nje ya ule waya, wameshika vikapu vitupu. Alimtumia kijana ujumbe wa maneno machache: "Mwambie mkubwa wako mimi si mlowezi."

Bi Gae na wenzake wakapeleka malalamiko baraza la ardhi. Walikwenda wanawake wengi kiasi kwamba benchi hazikutosha, wakakaa sakafuni na kwenye ngazi. Tajiri hakuja, alituma wakili kijana aliyekuwa akitazama saa. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mtu mwema, na hilo lilimuudhi Bi Gae kuliko kitu chochote. Kila aliposema "mama yangu, nakuelewa," alifuatisha "lakini".

"Mna hati yoyote, mama yangu?"

"Tuna mashimo," alisema Bi Gae. "Njoo uyaone. Tumeyachimba na kuyafukia tangu kabla ya serikali yako na ya aliyekutangulia."

"Nakuelewa. Lakini shimo si ushahidi wa umiliki."

"Na mzungu kupita na kioo chake asubuhi moja, huo ndio ushahidi?"

Watu walicheka, mwenyekiti akagonga meza, akaandika. Walishindwa. Walishindwa kwa lugha nzuri, kurasa nyingi, na mwishoni baraza likapendekeza "kwa huruma" wafinyanzi wapewe ukanda mwembamba kando ya mto, mahali tajiri hapataki kwa kuwa udongo wake una mchanga. Kwa kibali cha mwaka mmoja mmoja. Na kwa kuwa kibali hakiwezi kutolewa kwa watu wasiojulikana, yaandikwe majina.

Huruma! Bi Gae alilirudia neno hilo njia nzima, akilitema kama kokwa. Alitaka wakikatae kile kibali. Wenzake walimsikiliza, kisha mmoja, mjane mwenye watoto wadogo, akamwambia bila ukali, "Bi Gae, hasira yako ni ya haki, lakini haiwezi kufinyangwa." Wakaandikisha majina. Ofisi ilikubali ishirini tu. Waliowahi waliwahi. Binti yake alimwandikisha na yeye, bila kumwuliza.

Mwaka wa kwanza walichimba wote, walioandikwa na wasioandikwa, na hakuna aliyeuliza. Mwaka wa pili mvua zilikuwa kubwa, mto ukala sehemu ya ukanda, pakabaki padogo. Ndipo siku moja Bi Gae alipokuwa akiteremka polepole na mkongojo, akasikia sauti za ugomvi. Mwanamke kijana, aliyeolewa na mtoto wa fundi cherehani juzijuzi tu, alikuwa amesimama na kikapu kitupu, na mbele yake wamesimama watatu wamemzibia njia. Wa mbele alikuwa binti yake Bi Gae.

"Mdogo wangu, hatukukatalii kwa ubaya," binti alikuwa akisema. "Ila jina lako halipo."

Bi Gae alisimama. Wale waliomwona usoni walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona vile, si kituoni, si barazani.

"Umesema nini?"

"Mama, sheria ya kibali ndivyo..."

"Rudia ulichomwambia."

Binti yake, mwanamke mwenye wajukuu, alitazama miguu yake. "Nimemwambia jina lake halipo."

"Bibi yangu alichapwa viboko hapa," alisema Bi Gae, "na aliyemchapa alikuwa mtu wa kulipwa. Wewe nani amekulipa? Yule tajiri amekaa kwake anakunywa chai, na kazi yake unamfanyia wewe bure! Mimi nilidhani wametunyang'anya bonde. Kumbe bonde lilikuwa dogo. Wamechukua na watoto wangu!"

Bi Gae alimshika mkono yule mke kijana, akamvuta mpaka kwenye sehemu yake mwenyewe, iliyowekwa kijiti chenye jina lake. Akang'oa kijiti, akakitupa mtoni.

"Chimba hapa. Atakayekuuliza, mlete kwangu."

"Na wewe, mama?" yule mke kijana akauliza kwa woga.

"Mimi nitakula hasira. Ipo ya kutosha."

Haikuishia kwa kukumbatiana. Binti yake hakumsemesha kwa muda, na wawili kati ya wale ishirini walikwenda ofisini kulalamika kwamba utaratibu unavunjwa. Bwana Ardhi akatumwa aje kukagua. Alikuja, akatembea ukingoni na viatu vyake vya ngozi, akahesabu wachimbaji waliozidi majina mara mbili, akamsalimia shangazi yake, naye akaitikia kwa adabu ya mtu anayemsalimia mgeni. Alirudi akaandika kwamba mambo ni shwari. Watu walimsifu. Bi Gae hakumsifu. Alisema mtu aliyeandika uongo mkubwa hapewi shukrani kwa kuandika uongo mdogo.

Binti ndiye aliyerudi mwenyewe. Alikuja asubuhi moja na kikapu cha udongo, akakiweka mlangoni kwa mama yake, akasema ule ukanda wameamua waugawe upya kwa nyumba, si kwa majina, na wanataka aje aonyeshe. Bi Gae alisema magoti yanamuuma. Binti akasema watambeba. Bi Gae akasema yeye si mzigo. Basi wakateremka pamoja taratibu, wakibishana njia nzima.

Kibali bado kinaombwa kila mwaka, na majina bado ni ishirini. Mashine ya tajiri bado inanguruma upande wa pili wa waya, na pale penye udongo mweusi sasa pana shimo linaloweza kumeza nyumba, halijafukiwa na halitafukiwa. Bi Gae haendi ofisini kuomba, hutuma wengine. Yeye hubaki uani akiponda udongo wenye mchanga kwa mchi, akitoa kokoto moja moja. Siku moja jirani alipita nje ya ukuta, akasikia vishindo, akapiga kelele, "Bi Gae! Unampiga nani humo ndani?"

"Wapo wengi," akajibu. "Pita zako, foleni bado ndefu."